Kuongozwa na Mungu wakati wa shida si sawa na kutolewa kwenye shida

Mleta uzi

Bwana asifiwe, wapendwa. Jambo hili nimekaa nalo moyoni kwa zaidi ya miaka mitatu, na nimeona niliandike sasa kwa kuwa siku hizi naweza kulisimulia bila sauti kunikatika.

Niliacha kazi niliyoizoea ili nijiunge na mahali pengine, wala sikuacha kwa pupa. Nilifunga, nikaomba pamoja na mke wangu, nikawashirikisha wazee wawili wa kanisa ninaowaheshimu, na sote tukapata amani. Miezi mitano baadaye mwajiri wangu mpya alifunga shughuli zake, na mwezi uliofuata mama yangu akapooza upande mmoja. Nilikaa bila kazi miezi kumi na tisa. Ninayataja haya kwa kifupi kwa sababu shida zenyewe si mada yangu, na najua wengi wenu mmepitia makubwa zaidi. Kilichonitafuna usiku hakikuwa madeni bali swali moja: ikiwa Mungu ndiye aliyetuongoza katika uamuzi ule, mbona umetufikisha hapa? Na ikiwa si yeye, ile amani ilitoka wapi, na siku nyingine nikiipata tena nitaiaminije?

Naamini swali hilo huwachosha waamini wengi kuliko shida yenyewe. Mtu anaweza kuvumilia mwendo mgumu akijua yumo njiani, lakini akianza kudhani kwamba aliikosa njia panda tangu mwanzo, kila hatua anayopiga humwongezea hofu badala ya kumpunguzia safari.

Bila mtu yeyote kunifundisha waziwazi, nilikuwa nimejengeka katika imani kwamba mlango ukifunguka ni Mungu, na mambo yakiharibika basi kuna mahali nilikosea kusikia. Ndipo nikaisoma tena sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho Mtakatifu wasilihubiri neno katika Asia. Wanajaribu kwenda Bithinia, hawapewi ruhusa. Wanateremka mpaka Troa, na huko usiku Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia akimsihi avuke aje awasaidie. Mimi sijawahi kupata uongozi ulio wazi kiasi hicho, na sidhani nitaupata. Lakini siku si nyingi baada ya kufika Filipi, Paulo na Sila wanachapwa kwa bakora hadharani, wanatupwa katika chumba cha ndani cha gereza na miguu yao inafungwa kwa mkatale. Ningekuwa mimi, ningeanza kuyachunguza upya yale maono na kujiuliza nilikula nini usiku ule wa Troa. Wao waliomba na kuimba, jambo ambalo tunalihubiri sana, ingawa mara chache tunakumbushana kwamba baadaye yule mlinzi wa gereza alilazimika kuwaosha majeraha. Waliimba na huku migongo inauma. Kanisa lililozaliwa katika mji ule ndilo lililokuja kumsaidia Paulo kwa mahitaji yake zaidi ya mara moja, ila usiku ule wa mkatale hakuna aliyekuwa na habari hiyo.

Nikarudi nyuma zaidi, kwenye kitabu cha Kutoka. Sura ya 13 inasema Mungu hakuwapitisha Israeli katika njia ya nchi ya Wafilisti, ingawa ilikuwa karibu, wasije wakaona vita wakaghairi na kurudi Misri. Sababu hiyo sisi wasomaji tunaiona, lakini andiko halisemi kwamba wao waliambiwa. Wao waliona tu kwamba wanazungushwa. Kisha katika sura ya 14 Mungu mwenyewe anaagiza wageuke na kupiga kambi kando ya bahari, na pale pale ndipo jeshi la Farao linapowakuta, maji mbele na magari ya vita nyuma. Mahali walipobanwa ndipo mahali walipoagizwa wawe. Nilisoma habari hiyo tangu utoto wangu katika shule ya Jumapili, na kwa miaka yote hiyo agizo lile lilinipita kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuifikia bahari inayopasuka.

Lililonisaidia kuliko yote, hata hivyo, ni andiko ambalo huwa tunaliruka: Hesabu sura ya 9, kuanzia mstari wa 15. Wingu likiinuka juu ya maskani, wana wa Israeli husafiri. Likitua, hupiga kambi. Mwandishi anasema kwamba likikaa siku mbili, au mwezi, au mwaka, wao hukaa vilevile wala hawasafiri, na anairudia habari hiyo mara nyingi mpaka msomaji anachoka, nami nadhani kuchoka huko ni sehemu ya somo. Hebu mfikirie mtu aliyekunja hema yake moyoni kila asubuhi kwa mwaka mzima, akitoka nje na kulikuta wingu liko palepale. Huyo naye alikuwa anaongozwa. Miezi yangu kumi na tisa niliihesabu kama kimya cha Mungu, lakini katika sura ile hakuna kimya: wingu lililotulia linaonekana sawasawa na lile linalokwenda.

Katika miezi hiyo nilikuwapo nyumbani kumnyoosha mama mkono uliokuwa umekufa ganzi, kumlisha na kumsaidia kujifunza upya kutamka majina yetu. Sisemi kwamba Mungu aliifunga kazi yangu ili nipate kumhudumia mama. Sina mamlaka ya kusema hivyo, na kwa kweli hunichosha ushuhuda unaofunga hesabu za Mungu upesi kiasi hicho, kila senti ikaonekana imekwenda wapi. Nasema tu kwamba kila asubuhi palikuwa na jambo moja mbele yangu ambalo hapakuwa na shaka kwamba lilipaswa kufanywa, na kwamba jambo hilo lilionekana hata siku ambazo yatakayofuata hayakuonekana kabisa. Zaburi ya 119 inasema, “Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu.” Taa za siku zile zilikuwa vyombo vidogo vya udongo vyenye mafuta na utambi, aliyeishika usiku aliona pa kuweka mguu, kisha alipokwisha kuuweka akaona pa kuweka mwingine. Mimi nilikuwa namwomba Mungu taa ya gari.

Limebaki moja, nalo nalisema kwa uangalifu. Katikati ya kipindi kile ndugu mmoja aliniletea neno kwamba kabla ya siku tisini kwisha ningekuwa kazini. Nilizihesabu kwenye kalenda. Siku ya tisini na moja ilikuwa mbaya kuliko siku niliyoachishwa kazi, maana sasa nilikuwa nimepoteza kazi na nimepoteza pia neno. Baadaye nikasoma Yeremia sura ya 28 na ya 29 kwa mfuatano, kama zilivyoandikwa. Hanania anatabiri kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watarudi kutoka Babeli. Yeremia anajibu kwanza kwa kusema Amina, Bwana na afanye hivyo, yaani hata yeye angependa iwe kweli. Lakini haikuwa kweli. Barua ya Yeremia kwa waliohamishwa inawaambia miaka 70, na inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wautakie amani mji ule wa ugenini. Ndani ya barua hiyohiyo ndimo lilimo lile andiko tunaloandikiana kwenye kadi, “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi,” ambalo ni mstari wa 11, na miaka 70 iko katika mstari wa 10. Mtu mzima aliyesomewa barua ile aliweza kupiga hesabu akajua kwamba yeye binafsi hatarudi, na bado ahadi ile iliandikwa kwake pia. Tangu hapo naogopa neno lolote la uongozi linalokuja na tarehe lakini haliniambii la kufanya leo.

Nakaribisha michango, hata ya kunipinga.

Mchangiaji wa kwanza

Amina, mwanangu, uniruhusu nikuite hivyo kwa umri wangu. Umeandika vema, ila naona umeegemea upande mmoja. Wapo watu walio katika shida kwa sababu waliacha njia wakijua, na ukiwaambia kwamba ugumu si ushahidi wa kupotea, utakuwa umewapa mto wa kulalia. Yona alipatwa na dhoruba, na dhoruba ile haikuwa ya kumfariji. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa miaka sita nikiita “jaribu” jambo ambalo lilikuwa ukaidi wangu tu, na kila aliyekuja kunitia moyo alinichelewesha. Wewe unatofautishaje?

Mleta uzi

Shikamoo mama, na asante kwa kunirekebisha. Ni kweli, Yona sikumgusa kabisa.

Umenifanya nimweke Yona kando ya habari iliyo katika Marko sura ya 6. Baada ya kuwalisha wale elfu tano, Yesu anawalazimisha wanafunzi wapande chomboni watangulie ng’ambo, naye anakwenda mlimani kuomba. Wakiwa katikati ya bahari upepo unakuwa wa mbisho, wanataabika kwa kuvuta makasia. Kwa hiyo tuna vyombo viwili baharini, kimoja kimembeba mtu anayekimbia agizo na kingine kimewabeba watu waliotii agizo, na ukiutazama upepo peke yake huwezi kujua kipi ni kipi.

Ila mtu mwenyewe huweza kujua, na hapo ndipo jibu langu lilipo. Yona hakuhitaji kuchunguzwa kwa siku nyingi ili dhambi yake ionekane. Andiko linasema mabaharia walijua kwamba anamkimbia Bwana kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewaambia. Huwa najiuliza hivi: lipo jambo ambalo tayari nalijua, nami nakataa kulitenda? Likiwapo, sina haja ya kuomba mwongozo mwingine, bali ya kurudi. Lisipokuwapo, baada ya kujitazama kwa uaminifu pamoja na mtu mmoja anayeweza kuniambia ukweli, ninaacha kuchimba. Mimi nilichimba mwaka mzima nikitafuta kosa, na nakiri kwamba uchimbaji ule haukuwa toba. Ilikuwa njia ya kutafuta usukani, maana nikilipata kosa ningeweza kulirekebisha na shida ingeisha.

Kuna jambo jingine katika habari ile ya Marko ambalo bado linaniuma kidogo. Yesu aliwaona wanataabika jioni, akawaendea katika zamu ya nne ya usiku, ambayo huanza saa tisa kuelekea alfajiri. Hizo ni saa nyingi za kuvuta makasia huku unaonwa. Sina maelezo ya saa hizo. Nimeshika tu neno kwamba aliwaona.

Mchangiaji wa pili

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista, na ningependa kuongeza kutoka upande wetu Wakatoliki, kwa kuwa swali la mleta uzi kuhusu ile amani ya mwanzo limeshughulikiwa sana na watu waliotutangulia.

Ignasi wa Loyola alikuwa askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, na ni katika kulazwa kwa muda mrefu ndipo alipoanza kuyaangalia mienendo ya moyo wake kwa makini. Mojawapo ya mashauri aliyoyaacha ni kwamba mtu akiwa katika ukiwa wa kiroho, yaani anapojihisi mkavu na mbali na Mungu, asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa katika faraja. Hakusema kwamba faraja haikosei kamwe. Alisema kwamba hali hiyo ya ukiwa ni mshauri mbaya. Mtu aliyechoka, mwenye hofu, asiyelala, huona ushahidi wa hofu yake kila mahali, na akiamua wakati huo ataamua kwa ajili ya kupumua, si kwa ajili ya kweli. Kwa maana hiyo amani uliyoipata, ndugu yangu, haikubatilishwa na kufungwa kwa ile kazi. Amani ile ilihusu uamuzi mliokuwa nao mbele yenu kwa mlichokijua siku ile, wala haikuwa hati ya dhamana ya miaka itakayofuata.

Tena, tusifikiri kwamba kuongozwa lazima kuambatane na kuhisi. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, na wengi walishtuka kusoma kwamba kwa karibu miaka hamsini alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu. Wapo waliosema basi alikuwa mnafiki. Mimi naona kinyume: aliamka kila siku akaenda kwa wagonjwa aliotumwa kwao, na wito alioupata mwaka 1946 hakuutupa kwa sababu ya giza lililofuata. Simtaji ili tumwige kwa kutafuta giza, Mungu apishe mbali, bali ili aliyemo gizani asijihesabu kuwa nje.

Mleta uzi

Milele, amina. Nimeinakili sentensi yako kuhusu hati ya dhamana. Nitamsomea mke wangu.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, nimesoma yote tangu mwanzo. Sina ubishi na Maandiko mliyoyataja. Nilimzika mwanangu miezi saba iliyopita, na tangu siku hiyo sijaweza kuimba kanisani. Watu wananiambia mambo yote hufanya kazi pamoja kwa wema, na ninajua imeandikwa, Warumi 8:28, nilikuwa nikiwaambia wengine mstari huohuo. Ninyi nyote mnazungumza kuhusu njia: njia ndefu, njia ngumu, kungoja njiani. Kazi hupatikana nyingine, hata mgonjwa huweza kupata nafuu. Mimi hakuna ninachokingoja. Nikimwamini Mungu aniongoze, aniongoze kwenda wapi?

Mleta uzi

Dada yangu, pole. Nimeandika jibu mara tatu na kulifuta, kwa sababu kila nililoliandika lilikuwa linafanana na wanayokuambia.

Rafiki watatu wa Ayubu walifanya jambo jema moja: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza sababu, na mwishoni mwa kitabu hasira ya Mungu inawawakia wao, siyo Ayubu aliyelalamika. Kwa hiyo sitakueleza sababu. Swali lako la “wapi” silijui jibu lake, wala sitakutungia.

Naweza kukuonyesha tu mahali ambapo nadhani utajiona. Katika Luka sura ya 24 wanafunzi wawili wanaiacha Yerusalemu kwenda Emau, na mgeni anaungana nao. Wanamwambia, “tulikuwa tukitumaini,” na kitenzi chao ni cha wakati uliokwisha pita. Wanatembea kuiacha Yerusalemu, mahali ambapo habari njema iko, na yeye hawasimamishi kwanza ili kuwageuza. Anawauliza wanazungumza nini, anawaacha waseme mpaka mwisho, na anakwenda nao upande uleule waliokuwa wakienda. Ni kweli kwamba baadaye aliwaita wazito wa kuamini. Lakini alisema hivyo akiwa tayari yuko kando yao barabarani, na jioni akaingia kukaa nao.

Na Zaburi ya 88, kama hujaisoma siku za karibuni, haina mstari wa faraja mwishoni. Inaishia gizani, na waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo, hawakuipachika “lakini.” Maana yake ni kwamba mtu asiyeweza kuimba bado ana maneno ndani ya Biblia, na maneno hayo yameelekezwa kwa Mungu. Nadhani kama kuna uongozi kwa hali yako leo, huenda usiwe wa kwenda popote. Katika Zaburi ya 23, Daudi anapokuwa kwenye majani mabichi anamzungumzia Mungu: hunilaza, huniongoza. Akifika katika bonde la uvuli wa mauti anaanza kumwambia: “Wewe upo pamoja nami.” Andiko halisemi bonde lina urefu gani.

Niruhusu niulize jambo ambalo si la kiroho, au pengine ni la kiroho kuliko yote. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamgusa mara ya pili ale. Ile sauti ndogo, ya utulivu, ilikuja siku nyingi baadaye, huko Horebu. Dada, unakula? Unalala?

Mchangiaji wa tatu

Sili vizuri. Kulala, kuanzia saa nane usiku ninakuwa macho hadi asubuhi. Tangu msiba ulipoisha na watu wakatawanyika hakuna aliyeniuliza hilo; wanauliza kama ninaomba.

Usiku wa leo nitaisoma hiyo Zaburi ya 88. Siahidi kwamba nitaomba.

Mleta uzi

Kuisoma kunatosha. Mimi na mke wangu tutaisoma saa tatu usiku, kwa sauti, ili usiwe peke yako unapoisoma. Na huyo mama aliyechangia wa kwanza ameniandikia pembeni kwamba saa nane usiku naye huwa macho, kwa hiyo ukipenda atakuwa nawe saa hizo. Tafadhali kula kitu kabla.